Kumuua Aliyekwisha Kuangushwa: Kisa cha Patrice Lumumba

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, porini nje ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, watu watatu walipigwa risasi kwa zamu: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miongoni mwa waliosimamia utekelezaji huo walikuwamo maofisa wa Kibelgiji, na miongoni mwa waliosimama wakitazama walikuwamo mawaziri wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na kiongozi wao Moïse Tshombe mwenyewe. Siku hiyo Lumumba hakuwa na serikali, hakuwa na jeshi, hakuwa na redio ya kusemea. Ilikuwa imepita zaidi ya miezi minne tangu afutwe kazi, na mwezi mmoja na nusu tangu akamatwe, na njia nzima ya kuja huko alikuwa akipigwa ndani ya ndege.

Hapo ndipo penye fumbo. Mtu aliyekwisha kuangushwa, aliyefungwa kamba, anauawa kwa faida gani? Watu wengi hujibu kwa neno moja: madini. Wengine hujibu kwa neno jingine: ukomunisti. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yanaeleza vizuri zaidi kwa nini majeshi ya kigeni yaliingia Kongo mwezi Julai 1960 kuliko kwa nini mfungwa aliuawa mwezi Januari uliofuata. Nia ya kuingia na nia ya kuua hazikuwa nia moja, na anayezichanganya hukosa kuona namna ya kwanza ilivyoizaa ya pili. Kwa maoni yangu, kilichomuua Lumumba hatimaye ni hofu nyembamba sana na ya wakati ule ule: kwamba angerudi madarakani, tena kwa mlango wa halali.

Tuanze na jeshi, kwa kuwa huko ndiko moto ulikowashwa. Kongo ilipopata uhuru kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, jeshi lake lililoitwa Force Publique lilikuwa na askari wapatao 24,000 na maofisa wapatao 1,000, na katika maofisa hao hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Askari waliotumikia miaka mingi walitazamia uhuru uwaguse na wao. Tarehe 5 Julai kamanda wao, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya katika mji mkuu, Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Jioni ile ile uasi ulianza, ukaenea hadi Thysville. Raia wa Kizungu walishambuliwa, wanawake wakabakwa, na maelfu wakakimbia kwa vivuko na ndege. Mambo hayo yalitokea kweli, na mchambuzi anayeyaruka ili simulizi yake iwe nyepesi hatendi haki. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na raia wake hatarini, na sababu iliyoitangaza ya kupeleka askari, yaani kuwalinda, haikuwa ya kubuni.

Hata hivyo sababu inaweza kuwa ya kweli na isitoshe. Ziko njia mbili za kuipima. Ya kwanza ni karatasi: tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya uhuru, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa urafiki ambao uliiruhusu Ubelgiji kubaki na askari katika kambi za Kamina na Kitona, ila askari hao wasitoke kambini kuingilia jambo lolote la ndani mpaka waombwe na waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri wa ulinzi alikuwa Lumumba mwenyewe, na hakuwaomba. Njia ya pili ni kuangalia wapi askari walikwenda na walifanya nini walipofika. Huko Luluabourg, ambako Wazungu walikuwa wamezingirwa, Lumumba na Rais Joseph Kasavubu walikubali askari wa Kibelgiji wabaki kwa muda. Maana yake ni kwamba ulinzi wa raia ungeweza kujadiliwa na kukubaliwa. Huko Matadi, bandarini, jeshi la maji la Ubelgiji lilishambulia tarehe 11 Julai wakati Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na waliokufa ni Wakongo. Siku hiyo hiyo ya tarehe 11, huko Elisabethville, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, askari wa Kibelgiji wakiwa wamekwisha kuingia mjini. Siku iliyofuata ndege iliyowabeba Rais na waziri mkuu ilinyimwa ruhusa ya kutua katika uwanja wa mji huo, ndani ya nchi yao wenyewe.

Kama lengo lingekuwa kuokoa raia tu, kazi ingekwisha raia walipookolewa. Huko Katanga askari wa Kibelgiji walibaki, wakawanyang'anya silaha askari wa Kongo waliosalia watiifu kwa serikali kuu, na maofisa wa Kibelgiji wakajenga jeshi jipya la Tshombe. Ubelgiji haikuitambua Katanga rasmi kama nchi, lakini iliilea kwa kila namna nyingine, na ulezi wa aina hiyo hauhitaji bendera.

Kwa nini Katanga? Jibu la madini hapa lina nguvu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba na kobalti kwa wingi, na kodi zake zilikuwa nguzo ya hazina ya Kongo. Baada ya kujitenga, kodi hizo zilikwenda kwa Tshombe. Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo lilifanyika kimya kimya siku chache kabla ya uhuru. Ubelgiji ilivunja Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho kupitia hisa zake dola ya Kongo ingerithi sauti kubwa ndani ya Union Minière. Kwa hiyo hata kabla bendera haijapandishwa, mwenye nyumba mpya alikuwa amekwisha kunyang'anywa funguo za ghala. Mtu akitaka ushahidi kwamba masilahi ya kampuni yalikuwa yakilindwa kwa makusudi, asiutafute kwenye hotuba. Autafute kwenye hatua hiyo ya kisheria.

Lakini hapa napenda kutofautiana na simulizi moja inayorudiwa mno, ile isemayo Lumumba aliuawa kwa sababu ya urani. Ni kweli kwamba mgodi wa Shinkolobwe, huko huko Katanga, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Lakini kufikia mwaka 1960 Marekani ilikuwa na vyanzo vyake vya nyumbani na vya Kanada, na mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa. Urani ilibaki kuwa kumbukumbu iliyoifanya Washington isiione Katanga kama kona tu ya dunia, na pengine ilitia hofu ya nani angeushika udongo ule siku za mbele. Kuifanya sababu kuu ya kuua ni kuyasoma ya mwaka 1960 kwa miwani ya mwaka 1945.

Baada ya kuzuiwa kutua kwao wenyewe, Lumumba na Kasavubu waliupigia simu ya maandishi Umoja wa Mataifa. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 143, likaitaka Ubelgiji iondoe askari wake na kumruhusu Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, apeleke kikosi. Kikosi hicho baadaye kilikaribia watu 20,000. Kilipofika, kilikataa kutumia nguvu kuirudisha Katanga. Lumumba alikwenda Marekani mwishoni mwa Julai kuomba msaada, akakutana na Waziri wa Mambo ya Nje Christian Herter, hakuonana na Rais Eisenhower, akarudi mikono mitupu. Mwezi Agosti aliomba ndege na malori kutoka Umoja wa Kisovieti, navyo vilikuja.

Ombi hilo ndilo lililobadilisha macho ya Washington. Ofisi ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, mjini Léopoldville, chini ya Larry Devlin, iliripoti tarehe 18 Agosti kwamba Kongo inapitia jaribio la kawaida la wakomunisti kutwaa serikali. Mtu anayesoma ripoti hiyo leo huku akijua mfuatano wa tarehe hushangaa kidogo: mtu aliyegonga mlango wa Umoja wa Mataifa kwanza, kisha wa Marekani, na wa Moscow mwisho, anaelezwa kana kwamba alianzia Moscow. Hata hivyo si haki kumfanya Lumumba malaika. Malori na ndege hizo zilisaidia kupeleka askari wake Kasai Kusini, jimbo jingine lililokuwa limejitenga chini ya Albert Kalonji, na mwishoni mwa Agosti askari hao waliwaua raia Waluba huko Bakwanga. Hammarskjöld alitumia maneno mazito juu ya mauaji hayo, na uchungu wa Bakwanga utarudi kwenye kisa hiki kwa njia ya kutisha.

Tarehe ile ile ya 18 Agosti, Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani lilikutana na Eisenhower. Mwaka 1975, mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church, mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao hicho, Robert Johnson, alieleza kwamba alimsikia Rais akisema neno ambalo yeye alilielewa kama amri ya kumuua Lumumba. Wengine waliokuwamo walikana kusikia hivyo. Siku nane baadaye mkurugenzi wa CIA, Allen Dulles, alimwandikia Devlin kwamba kuondolewa kwa Lumumba lazima kuwe lengo la haraka na la kwanza. Mwishoni mwa Septemba mwanakemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, aliwasili Léopoldville na mzigo wake: sumu, sindano, glovu za mpira na barakoa. Maelekezo yalikuwa kwamba sumu itiwe katika kitu chochote ambacho Lumumba angekipeleka mdomoni, kiwe chakula au mswaki. Haikufika mdomoni. Devlin alisema baadaye kwamba aliitupa katika Mto Kongo.

Angalia tarehe tena. Kasavubu alimfuta kazi Lumumba kwa redio tarehe 5 Septemba. Mkuu wa majeshi, Kanali Joseph Mobutu, alitwaa hatamu tarehe 14 Septemba na kutangaza kwamba amewaweka kando wanasiasa wote. Sumu ilifika baada ya hapo, kwa mtu ambaye tayari hakuwa mtawala. Wabelgiji nao walikuwa katika hali hiyo hiyo. Tarehe 6 Oktoba waziri wao wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alituma telegramu iliyosema kwamba lengo kuu la kufuatwa, kwa masilahi ya Kongo, ya Katanga na ya Ubelgiji, ni bila shaka kumwondosha Lumumba moja kwa moja. Neno la Kifaransa alilotumia ni élimination, likifuatwa na définitive.

Neno hilo limejadiliwa kwa miaka mingi, na inafaa tulikalie kidogo. Watetezi wa waziri wanasema alikusudia kumwondoa kwenye siasa tu. Inawezekana. Lakini siasa zilikuwa zimekwisha kumtoa mwezi mzima kabla ya telegramu kuandikwa. Sasa huko "moja kwa moja" kungeongeza nini juu ya kufutwa, kuzuiliwa na kuzungukwa na askari? Nionavyo, uzuri wa neno hilo, kwa aliyelitumia, ulikuwa ni ule utata wake. Aliyetaka kusikia kifo alikisikia, na aliyetaka kukana angekana. Lugha ya ofisi za serikali mara nyingi hufanya kazi ambayo mikono inaiogopa. Fedha nazo zilitembea: tume ya bunge la Ubelgiji ilikuja kubaini kwamba mfuko wa siri wa frangi za Kibelgiji milioni 50 ulitumika kuwapa nguvu wapinzani wa Lumumba. Penye udhia penyeza rupia, walisema wa kale, na rupia hiyo ilikuwa ya Brussels.

Basi kwa nini hofu haikuisha alipoanguka? Kwa sababu kuanguka kwake hakukuwa na miguu ya kisheria. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake, MNC (Mouvement National Congolais), kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, ingawa si wingi wa bunge zima. Kasavubu alipomfuta, Baraza la Wawakilishi na Seneti yote mawili yalikataa. Ndiyo maana bunge lilifungwa na likabaki limefungwa: siku ambayo lingefunguliwa huku Lumumba yu hai, huenda lingemrudisha. Lumumba alitoroka Léopoldville tarehe 27 Novemba akikimbilia Stanleyville, ambako mwezi Desemba wafuasi wake chini ya Antoine Gizenga walisimamisha serikali, lakini alikamatwa siku chache baadaye njiani, kwenye Mto Sankuru. Gereza aliloletwa, kambi ya Thysville, lilikuwa na askari wale wale ambao uasi wa Julai uliwahusu. Tarehe 13 Januari 1961 waliasi tena kwa ajili ya mishahara, na Kasavubu na Mobutu walilazimika kwenda wenyewe kambini kuwatuliza. Mlinzi ambaye hajalipwa anaweza kumfungulia mfungwa mlango.

Siku hiyo hiyo ofisi ya CIA Léopoldville iliitaarifu Washington kwamba serikali iliyopo inaweza kuanguka ndani ya siku chache, na kwamba matokeo yake yangekuwa karibu hakika vurugu na Lumumba kurudi madarakani. Iliongeza kwamba kukataa kuchukua hatua kali wakati huo kungeishia katika kushindwa kwa sera ya Marekani nchini Kongo. Kwangu mimi taarifa hiyo ndiyo ufunguo wa kisa chote. Haizungumzii shaba, haizungumzii urani, hata Urusi haikuwekwa mbele. Inamzungumzia mtu mmoja na uwezekano wa kurudi kwake. Tarehe 14 Januari ofisi hiyo iliarifiwa na kiongozi wa Kikongo kwamba Lumumba angehamishiwa Bakwanga. Na huko Washington, siku sita baadaye, John F. Kennedy alikuwa anaapishwa, naye hakuna aliyejua kwa hakika angeshika msimamo gani juu ya Kongo. Sidai kwamba tarehe ya kuapishwa peke yake ndiyo iliyoamua. Nasema tu kwamba waliokuwa na haraka walikuwa na sababu ya kuwa nayo.

Uchaguzi wa mahali pa kumpeleka unatosha kuwa ungamo. Bakwanga ni ule mji ambao raia wake waliuawa na askari wa Lumumba mwezi Agosti. Kumpeleka pale ni kumkabidhi kwa waliofiwa. Ilipobadilishwa ikawa Elisabethville, alikabidhiwa kwa Tshombe na waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, maadui aliotaka kuirudisha Katanga kutoka mikononi mwao. Tshombe alisitasita kumpokea, na tarehe 16 Januari d'Aspremont Lynden alituma ujumbe kusisitiza kwamba apokewe. Kwa njia hiyo kila mmoja alibaki na kipande tu cha tendo. Léopoldville ilimhamisha mfungwa, Brussels ilihimiza uhamisho, ofisi ya CIA ilijua ikanyamaza, Katanga ikafyatua. Wakongo katika mnyororo huo hawakuwa vibaraka watupu: Kasavubu, Mobutu na Tshombe kila mmoja alikuwa na hesabu zake, na wawili wa kwanza walikuwa na mengi ya kupoteza bunge likifunguliwa. Nguvu ya kigeni haikuwaumba maadui hao. Iliwakuta, ikawalipa, ikawahakikishia kwamba hakuna atakayewauliza.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba waliotenda walijua uzito wa walichokitenda. Ofisa polisi wa Kibelgiji na msaidizi wake waliifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali ya salfa, ili pasiwe na kaburi la kuzuriwa. Ofisa huyo alibakiza jino. Kisha, tarehe 13 Februari, Munongo aliwatangazia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Jina la kijiji alikataa kulitaja, na kwa wale ambao wangesema Katanga ndiyo iliyoua, jibu lake lilikuwa kwamba wathibitishe.

Uthibitisho ulichukua miaka mingi na haujakamilika. Kamati ya Church iligundua kwamba Marekani ilipanga kumuua lakini haikupata ushahidi wa mkono wake katika tendo lenyewe la Januari. Tume ya bunge la Ubelgiji ilihitimisha mwezi Novemba 2001 kwamba baadhi ya viongozi wa nchi hiyo walibeba wajibu wa kimaadili, na serikali ikaomba radhi mwezi Februari 2002. Neno "kimaadili" lilichaguliwa kwa uangalifu ule ule uliolichagua élimination. Jino lilirudishwa kwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likazikwa Kinshasa siku kumi baadaye, katika maadhimisho ya uhuru.

Kesi iliyofunguliwa na familia mwaka 2011 mjini Brussels iliwataja Wabelgiji kumi. Kufikia mwaka 2025 wote walikuwa wamefariki isipokuwa mmoja, mwanadiplomasia wa zamani ambaye mwaka 1960 alikuwa kijana anayeanza kazi ya wizara, naye alikana kuhusika. Mwezi Juni 2025 waendesha mashtaka waliomba apelekwe mahakamani kwa kushiriki katika uhalifu wa kivita: kumshikilia na kumhamisha Lumumba kinyume cha sheria, kumnyima haki ya kuhukumiwa bila upendeleo, na kumtendea kwa njia ya kumdhalilisha. Shitaka la kukusudia kuua, hao hao waendesha mashtaka waliomba liondolewe.